Siku Mlima Ulipovishwa Nguo

Mwaka huo mvua haikunyesha, ilimwagwa. Ilimwagwa siku tatu mfululizo juu ya Mlima Ngwara, kama mtu amwagavyo maji ya vyombo uani bila kutazama nani kasimama chini. Siku ya tatu ubavu mmoja wa mlima ukachomoka, ukateremka na miti yake na majani yake, na pale ulipotoka pakabaki mwamba mtupu wa kijivu, unaometameta. Hakufa yeyote isipokuwa Kenge mmoja mzee, aliyekuwa akitangaza tangu ujana wake kwamba yeye hahami, na kweli hakuhama.

Wanyama wakapaita pahali pale Chubuko.

Aliyefurahi kupaona ni Mbuzimawe, yule swala mdogo wa majabalini atembeaye kwa ncha za kwato. Katika ukoo wake kulikuwa na desturi moja isiyo na mjadala: jike akishika mimba huenda kulamba jiwe jipya. Si jiwe lolote. Mama yake alimwambia, kama alivyoambiwa na mama yake, "Jiwe la zamani mvua imeshalimaliza utamu. Tafuta lililovunjika juzi, lenye unga." Unga huo wa jiwe ndio uliojenga mifupa ya watoto wao wakaweza kuruka magenge. Mbuzimawe wakati huo alikuwa bado mwari, lakini alilitazama Chubuko kwa jicho la mtu anayeona duka jipya limefunguliwa karibu na kwao.

Aliyechukia ni Simba. Kiti chake, jiwe bapa alilolalia akijisifu, kilikuwa juu kidogo ya Chubuko, na sasa kila aliyetazama kutoka bondeni alimwona mfalme amekaa juu ya mlima ulio uchi. Nyani wa kilima cha pili walipiga mbinja. Simba akasusa kula siku mbili, jambo ambalo wengi walilipokea kwa furaha.

Hapo ndipo alipotokea Sungura. Sungura hana pembe, hana kucha za maana, lakini hajawahi kukosa la kusema mbele ya mkubwa mwenye aibu.

"Mtukufu Mfalme," alisema, "mlima wako haukuporomoka. Umeibwa."

"Umeibwa na nani?"

"Na bonde. Hulioni lilivyonenepa?"

Simba akatazama chini. Kweli bonde lilikuwa limenenepa. Udongo mweusi ulioteremka ulikuwa umetanda kando ya mto, na nyasi zilichipua juu yake kwa fujo.

"Wezi wakubwa," akanguruma.

Ikaundwa Kamati ya Kuusitiri Mlima. Sungura akawa mwenyekiti, maana hakuna mwingine aliyejua kamati ni kitu gani. Fisi akawa mkuu wa walinzi, maana aliuliza kama kuna chakula, akaambiwa kipo. Siku ya uzinduzi Sungura alipanda juu ya jiwe akapaza sauti, "Mlima!" na wanyama wakafundishwa kuitikia, "Usitiriwe!" Akasema, "Punje!" wakaitikia, "Haishuki!" Waliitikia hadi sauti zikawakauka, na walipomaliza hakuna aliyekumbuka kuuliza swali.

Chubuko likafunikwa matawi ya miiba ili uchi wa mlima usionekane. Chini yake ukajengwa ukuta wa mawe kuzuia udongo usishuke. Kisha ikaja amri iliyowashangaza hata punda: kila asubuhi kila mnyama ajaze kikapu udongo wa bondeni, aupandishe mlimani, aumwage kwenye uwanda ulio nyuma ya ukuta. Vile vilivyoibwa virudi kwa mwenyewe.

"Akiba haiozi," Sungura aliwaambia wabebaji, akiwa amekaa kivulini. Na ili akiba hiyo isikae bila kazi, akapanda juu yake njugu na karoti zake.

Mwisho akatunga sheria, nayo aliisoma mwenyewe mbele ya Simba, kwa madaha: atakayekutwa na unga wa Chubuko mwilini mwake, awe nani, ni halali ya Fisi. Fisi alipiga makofi peke yake kwa muda mrefu.

Mwaka wa kwanza njugu za Sungura zilijaa, na Simba alialika wafalme wa milima mingine waje kuona. Mwaka wa pili zilipungua nusu. Mwaka wa tatu maganda yalikuwa makubwa, ukiyapasua unakuta upepo. Sungura akaeleza kwamba tatizo ni wanyama kutoitikia kwa moyo, na kwa sababu hiyo akaongeza kikapu kimoja kikawa viwili.

Huko bondeni majani yalikuwepo, lakini yalikuwa majani ya kutafuna tu. Unakula tangu alfajiri hadi jua la utosini, tumbo linajaa, mwili haupati kitu. Maziwa ya mama yakawa mepesi. Watoto wakaanza kuzaliwa na miguu inayotetemeka, na wazee wakasema ni watoto wa siku hizi.

Mwaka huo wa tatu Mbuzimawe akashika mimba ya kwanza. Akakumbuka la mama yake, akapanda hadi kwenye ile miiba. Fisi alikuwa amelala mbele yake, jicho moja wazi.

"Afande," Mbuzimawe alisema kwa adabu, "naomba nilambe mara moja tu. Sitachukua hata punje."

"Sheria ni sheria, mama." Fisi alimtazama tumbo kama mtu atazamavyo chungu kilicho jikoni. "Rudi nyumbani ujifungue salama. Hasa hilo la kujifungua."

Mbuzimawe akarudi. Akajifungua mtoto wa kike, akamwita Kwaru, kwa ile sauti ya kwato zikikwaruza jabali, sauti ambayo kila mama wa ukoo ule huisubiri. Lakini sauti haikuja. Miguu ya Kwaru ilikuwa imepinda kama mundu. Wiki ya pili alisimama akaanguka. Mwezi wa pili alisimama akaanguka. Mbuzimawe alijifanya haoni, akawaambia majirani kwamba mtoto ana haya. Akiwa peke yake alilia hadi pua zikaziba.

Kisha Sungura akaja na jipya. Vikapu vilikuwa haviendi kasi inayotakiwa, kwa hiyo kila mtoto aliyefikisha miezi sita naye abebe. Atakayeanguka na kikapu mara tatu atahesabiwa kuwa mhujumu wa mlima, na wahujumu watakabidhiwa kwa mkuu wa walinzi. Kwaru alikuwa amebakiza siku kumi.

Fisi alianza kupita karibu na nyumba ya Mbuzimawe kila siku. "Hajambo mtoto?" aliuliza. "Anakula? Mlishe vizuri."

Mbuzimawe, maji yamemfika shingoni, akaenda kwa Fuko. Fuko huyo alikuwa mkorofi, haoni vizuri, hapendi wageni, na kamati ilimfukuza mlimani kwa kosa la kulegeza udongo. Lakini hakuna aliyeujua udongo kama yeye, kwa kuwa maisha yake yote alipita ndani yake mdomo ukiwa wazi.

"Shikamoo, Mzee Fuko."

"Marahaba. Kama umekuja kuniimbia 'Punje Haishuki', rudi ulikotoka."

Mbuzimawe akamweleza habari za Kwaru. Fuko akasikiliza huku akitafuna mzizi. Alipomaliza, akatema.

"Unaona mzizi huu? Hauna ladha. Umewahi kukuna nazi, binti yangu?"

"Nimekuna."

"Ukikamua mara ya kwanza unapata nini?"

"Tui zito."

"Mara ya pili?"

"Jepesi."

"Ya sita?"

"Maji, mzee. Yanabaki machicha."

"Basi ule udongo wa Sungura ni machicha. Mvua imeukamua mara sita, na yeye amekaa juu yake anasubiri tui. Tui liko kwenye nazi nzima, na nazi nzima ni mwamba. Mvua iupate mwamba, mizizi iupasue, baridi iung'ate, ufanye unga. Unga ushuke hadi bonde lile. Ndivyo tulivyokula siku zote. Lakini mwamba ukiurundikia udongo mnene juu, umeufunika blanketi. Utalala tu. Nani amwage tui akiwa usingizini?"

"Kwa hiyo heri mlima wote uporomoke?"

"Hapana! Uporomoke wote tuzikwe kama Kenge? Ushuke kidogo kidogo, kama ulivyokuwa ukishuka zamani, maskini wa Mungu, bila kuombwa wala kukatazwa. Uzuri wa mlima ni kwamba unatoa. Hawa wameufanya bahili, na ubahili si tabia yake."

Mbuzimawe akasema, "Simba hawezi kunisikiliza mimi."

"Simba hasikilizi mtu," Fuko alikubali. "Ila anapenda kushindana."

Siku ya kumi wanyama wakakusanyika mbele ya kiti cha Simba. "Mlima!" akaita Sungura. "Usitiriwe!" wakaitikia, kwa sauti za watu wasiokula. Kwaru akaitwa abebe. Mama yake akatoka badala yake.

"Mtukufu Mfalme," alisema, miguu ikimtetemeka kuliko ya mwanawe, "mimi mjinga naomba kujifunza. Huu udongo wako uliolindwa miaka mitatu na ule unga wa Chubuko, upi bora?"

Simba akavimba. "Unalinganisha akiba ya mfalme na kifusi?"

"Sithubutu. Ndiyo maana nasema watoto waamue. Lete fungu la huu na fungu la ule, watoto waachwe na njaa asubuhi, wafuate pua zao. Wakienda kwenye akiba yako, mchukue Kwaru, na mimi mnichukue. Wakienda kwenye unga wa Chubuko, ukuta uvunjwe."

"Nitashinda," alisema Simba, ambaye hakuwahi kusema jingine maishani mwake. "Keshokutwa, jua likipanda. Sungura ataleta fungu la akiba. Fisi ataleta la Chubuko."

Fuko, aliyekuwa amejipenyeza kwa siri hadi miguuni pa Mbuzimawe, akanong'ona kwamba hajaona kesi ambayo mshtakiwa na askari wake wanatumwa kuleta ushahidi. Mbuzimawe akamkanyaga mguu anyamaze. Masikio ya Sungura yalilala kidogo. Yeye alikuwa ameshayapasua yale maganda ya njugu, alijua yaliyomo.

Keshokutwa ikafika. Mafungu mawili yakawekwa, kulia na kushoto, yakilingana kimo. Sungura alikuwa amechana manyoya yake vizuri. Alisimama katikati akatoa hotuba.

"Ndugu wananchi, fungu hili la kulia ni akiba yenu, nimeichota kwa mikono hii. La kushoto ni la Chubuko, kalileta Afande Fisi. Mimi Chubuko sijalikanyaga tangu lizibwe. Sheria niliitunga mwenyewe, nitaivunjaje?"

"Hawezi," alisema Fisi, akijilamba mdomo uliokuwa na mafuta ya mfupa mpya.

Watoto wakaachiwa: wa pofu, wa nyati, wa swala, wa ngiri. Wakatoka wakiyumbayumba, pua mbele. Mbuzimawe alikazia macho fungu la kushoto hadi yakamuuma. Watoto wakalifikia, wakanusa, wakapita. Wakaenda kulia, kwenye akiba ya mfalme, wakailamba kwa fujo, wakisukumana, wakigombea, ulimi juu ya ulimi.

Simba akanguruma kwa furaha hadi mawe yakatikisika. Sungura akainamisha kichwa kwa unyenyekevu alioufanyia mazoezi. Mama wa Mbuzimawe alikosea basi, na mama wa mama yake. Fisi akasimama, akajinyoosha, akaanza kumwendea Kwaru.

Kwaru ndiye pekee aliyekuwa hajafika. Alikuwa akija nyuma ya wenzake kwa magoti, taratibu, shingo imenyooka. Akalifikia fungu la kulia, lakini wenzake wakubwa walikuwa wamelizingira, hapakuwa na upenyo. Akainua pua. Akanusa hewa. Kisha akageuka, akatambaa hadi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuusitiri Mlima, akaanza kumlamba mguu.

"Ananishukuru," alisema Sungura. "Mtoto ana adabu huyu. Basi, inatosha."

Haikutosha. Kwaru alimaliza mguu wa kulia akahamia wa kushoto. Alilamba katikati ya vidole, akachokonoa chini ya kucha. Kisha akajiinua, akamshika sikio, akaanza kulamba ndani ya sikio kwa bidii ambayo mama yake hakuwahi kuiona. Ndama wa pofu akageuka kutazama. Akanusa. Akaja naye. Wakaja wa nyati. Punde watoto wote waliacha lile fungu, wakamzunguka Sungura, na ndimi za ndama, kama mjuavyo, zinakwaruza kama msasa.

"Wachukueni watoto wenu!" Sungura alipiga kelele. "Mfalme! Wananimaliza!"

Simba akakunja uso. "Mbona mimi hawanilambi? Mimi ndiye mfalme."

"Kwa sababu wewe huna unga, Mtukufu," ilisema sauti ya Fuko kutoka chini. Alikuwa ametokeza kati ya mafungu mawili, na hakungoja ruhusa. Akaonja la kushoto, akatema. "Machicha." Akaonja la kulia, akafumba macho yake yasiyoona vizuri. "Loo! Hili ni jiwe jipya, halijalala hata siku mbili. Mfalme, mafungu yako yamebadilishana majina."

Ikasikika ile sauti ya kulamba tu.

"Fisi," Simba alisema polepole, "nani aliingia Chubuko?"

Fisi akamtazama Simba, akamtazama Sungura aliyempa mfupa wa paja ili alale asubuhi nzima asione kitu. Mfupa ulikuwa umeshakwisha. Sungura alikuwa bado yupo, tena mnene.

"Mtukufu," Fisi alisema, mate yakimdondoka, "kuna sheria inayosema atakayekutwa na unga wa Chubuko mwilini, awe nani, ni halali yangu. Mtunzi wake ni mwenyekiti mwenyewe. Mimi ni mtu wa sheria."

Sungura akachomoka. Alichomoka kati ya ndama akiwa amelambwa hadi manyoya ya masikio yamekwisha, akapita chini ya tumbo la Punda, akaruka ukuta alioujenga. Fisi akamrukia, akamdaka mkia, akakaza meno. Sungura akaenda zake, mkia ukabaki. Zamani sungura alikuwa na mkia mrefu wa kujipepea; kile kishungi mnachokiona leo ni masalio ya kazi ya kamati.

Fisi, aliyekuwa na haraka ya kummaliza mwenzake, hakutazama alipotua. Alitua juu ya ukuta. Ukuta ukaachia, naye akateremka na mawe yake hadi mtoni, akicheka njia nzima maana hajui kulia. Hakurudi kuulizia cheo.

Wanyama wote wakamgeukia Simba. Mbuzimawe alikuwa ameshamfikia mwanawe, amemfunika kwa mwili wake, hajui kama ameshinda au la.

Simba akakohoa. "Nilikuwa nawapima," alisema. "Miaka mitatu nilingoja nione nani kati yenu ana akili. Ondoeni miiba. Milima ya wafalme wenzangu yote imejifunika kama inaumwa homa. Huu wangu tu ndio wenye ujasiri wa kukaa uchi!"

"Kweli, Mtukufu," wakasema, kwa kuwa walikuwa na njaa na hawakutaka hotuba ndefu.

Miiba ikaondolewa. Mama wenye mimba wakaenda mbele, kama ilivyokuwa desturi, na waliosalia wakasubiri zamu. Simba alisubiri hadi wote wageuze migongo, akalamba naye mara mbili, akafuta ndevu. Mvua ya kawaida ilipokuja ilishuka juu ya mwamba, ikachukua unga kidogo, ikaupeleka bondeni bila kamati. Uwanda wa Sungura ulimomonyoka taratibu, na vichaka vikaota juu ya kilichobaki. Fuko akarudi mlimani, akalegeza udongo anavyotaka, na hakuacha kulalamika.

Kwaru hakupona siku hiyo wala mwezi huo. Kila asubuhi mama yake alimburuta hadi Chubuko, akamlaza kwenye unga, akamwacha alambe. Msimu wa pili, asubuhi moja, Mbuzimawe alikuwa amesinzia akiwa amesimama, kwa uchovu. Akasikia kitu juu ya jabali. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Hakuinua kichwa upesi. Aliogopa kuwa ni ndoto. Alipoinua, mwanawe alikuwa juu kabisa, kwenye kiti cha Simba, amesimama kwa ncha nne za kwato, anatafuta pa kurukia.

Mimi niliyewaeleza sikuwepo, ila mlima upo, na Chubuko lake lipo, wazi kwa kila apitaye. Wahenga walisema: mficha uchi hazai.